Karafuu kwenye kifuniko cha paneli: namna ya kumkagua fundi wako wa lifti

Mwaka 2019 punje moja ya karafuu ilinitoa uongo.

Jengo lenyewe ni la ghorofa sita, nje kidogo ya Mji Mkongwe, chini maduka, juu nyumba za kupangisha. Msimamizi wake alikuwa mzee mmoja mwalimu mstaafu wa skuli, mtu wa kanzu na kalamu mbili mfukoni. Habari za lifti alikuwa hazijui na hakuona haya kusema hazijui. Fundi wake nilikuwa mimi. Siku hiyo nimemaliza sevisi, nimetia saini kwenye daftari, natoa mkono kuaga, mzee akaniambia, "Mwanangu, hebu twende juu kidogo." Tukapanda mpaka chumba cha mashine. Akakibenua kifuniko cha paneli kwa ukucha, karafuu ikadondoka sakafuni.

"Hii nimeibana hapa mwezi wa tatu," akasema. "Leo mwezi wa tisa. Saini zako zimo sita."

Jawabu nilikuwa nalo, na lilikuwa la kweli, ndiyo maana lilinitia aibu zaidi. Mwaka mmoja nyuma kampuni niliyokuwa nafanyia kazi ilifunga kwenye lifti zake visanduku vya kuziangalia kwa mbali. Tukaambiwa lifti sasa inajisemea yenyewe, ikiumwa itatupigia simu. Sevisi ya saa mbili ikawa ya dakika ishirini: fika, fungua simu, tizama kama rangi ni ya kijani, yaani lifti nzima, futa milango, tia saini, nenda jengo jengine. Na majengo mengine nikaongezewa, maana muda si upo?

Nikamueleza mzee yote hayo. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza: "Sawa. Kisanduku kinakupa wewe habari za lifti. Mimi habari zako nani atanipa?"

Siku hizi nimejiajiri. Nayaandika haya kwa wenye hoteli, wasimamizi wa majengo na kamati za wakaazi, watu wanaolipia matengenezo kila mwezi bila kujua wanalipia nini. Hakuna hata moja ninalokwambia hapa linalotaka bisibisi. Na tokea mwanzo tuelewane: kwenye shimo la lifti usishuke, juu ya kebini usipande. Huko ni kwa fundi peke yake. Wewe kazi yako kutizama, kusikiliza na kuuliza.

Kisanduku kinajua nini

Nisije nikaonekana mshamba anayechukia vyombo vipya. Kisanduku kina kazi yake. Kimeungwa na paneli ya kuendeshea lifti, na kila paneli inapoandika kosa, chenyewe kinalisoma na kulituma kwa laini ya simu. Kinahesabu lifti imeondoka mara ngapi, mlango umefunguka mara ngapi, ghorofa gani mlango umejaribu kufunga mara tatu ukashindwa. Vyengine vina kihisio juu ya kebini kinachopima mtikisiko.

Faida yake niliiona Pemba. Kuna jengo Chake Chake ambalo nilikuwa nalihudumia kutoka Unguja. Zamani likiharibika napanda boti mpaka Mkoani, nafika, naona kilichokufa ni kitu ambacho sikukichukua, narudi. Siku mbili zimekwenda na nauli mara mbili. Kisanduku kilipofungwa nikawa najua kosa kabla sijatoka nyumbani: kontakti ya mlango wa ghorofa ya pili, ile swichi ndogo inayoiambia lifti kwamba mlango umefunga. Naitia mfukoni, nafika, nusu saa lifti inatembea. Kwa jengo lililo mbali na fundi, pesa ya kisanduku si pesa iliyopotea. Kifunge.

Lakini angalia kinapata wapi habari zake. Kinazipata kwenye vitu vinavyofanya kazi kila siku: mota, mlango, vitufe. Kitu kisichofanya kazi kila siku hakina cha kukiambia. Na kwenye lifti, vitu vinavyoshikilia roho yako ndivyo hivyo visivyofanya kazi kila siku.

Vitu vilivyonyamaza

Baba yangu alikuwa baharia wa majahazi ya Wete na Tanga. Tukiwa wadogo alikuwa akitufundisha kuishika henza kiganjani na kuipitisha yote, pima kwa pima, kabla ya safari, ijapokuwa jana tu ilipandisha tanga bila tatizo. Alisema kamba haikatiki siku unayoitizama. Lifti nayo ni kamba na kapi. Upande mmoja inaning'inia kebini, upande wa pili vipande vya chuma vya mzani, katikati kuna kapi kubwa linalozungushwa na mota. Nilipoanza kazi hii mwaka 2006 nilihisi kama nimerudi jahazini.

Watu wengi huogopa kamba kukatika. Hofu hiyo ilitafutiwa dawa zamani sana. Mwaka 1854, New York, fundi wa Kimarekani Elisha Otis alisimama juu ya jukwaa lililoinuliwa mbele ya watu, akaamuru kamba ikatwe. Jukwaa likashuka kidogo tu, likajibana, likasimama. Kanuni ni ile ile mpaka leo, ijapokuwa vyuma vimebadilika. Juu kabisa kuna kigurudumu kiitwacho gavana, chenye kamba yake nyembamba iliyofungwa kwenye kebini. Kebini ikipita kasi, gavana inaibana ile kamba, kamba inavuta kabari zilizopo chini ya kebini, kabari zinauma reli zinazoiongoza kebini pande mbili, na lifti inakwama pale pale.

Sasa hesabu mwenyewe. Gavana inaweza kukaa miaka kumi isihitajike hata mara moja. Katika miaka hiyo gavana nzima na gavana iliyooza zinatoa habari sawasawa kwa kisanduku: hakuna habari. Waswahili wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu.

Baada ya ile karafuu nililifungua jengo la mzee lote, kipande kwa kipande, siku ya Ijumaa baada ya swala mpaka magharibi. Dirisha la chumba cha mashine linatizama baharini na kioo kimoja kilikuwa kimevunjika. Kusi yote ilikuwa ikiingia mle na chumvi yake. Taya la gavana lilikuwa limeshikwa na kutu kiasi kwamba lilinibidi niligonge kwa nyundo ndipo litikisike. Maana yake siku kebini ingepita kasi, kabari zisingevutwa na kitu. Nikafungua simu. Kijani. Nikarudi nyuma mwezi mmoja mmoja, miezi sita yote, kijani.

Kwa hiyo ombi la kwanza kwa fundi wako ni hili: mara moja kwa mwaka, jaribio la gavana na kabari, na wewe uwepo. Kebini inakuwa tupu, inapelekwa mwendo wa polepole, fundi anaibana gavana kwa makusudi, na kebini inatakiwa iume reli ikatae kuendelea. Baada ya hapo mwambie akuoneshe picha za makovu kwenye reli. Yawe mawili, kushoto na kulia, yanayolingana. Kovu likiwa upande mmoja tu, kabari ya pili haikufanya kazi. Tia picha kwenye daftari pamoja na tarehe. Fundi akikwambia hakuna haja kwa sababu mtambo unaangaliwa kwa mbali, mwambie akuoneshe kwenye simu yake pahala ambapo kabari zinaonekana. Hatopaona.

Breki nayo ni jamaa yao. Vyuma vya mzani huwekwa vizito kuliko kebini tupu, kwa kiasi cha karibu nusu ya mzigo ambao lifti inaruhusiwa kubeba. Ndiyo maana breki ikilegea na ndani yumo mtu mmoja, kebini haianguki, inapanda. Watu wanashangaa nikiwaambia. Wengi waliosikia lifti imekimbia, imekimbia kwenda juu. Kisanduku kinaweza kukuambia breki imefunguka na imefunga. Kitambaa cha breki kimebaki unene gani, na kama juu yake pamemwagikiwa na mafuta, hilo linataka jicho na kalipa, kile chombo cha kupimia unene.

Kamba zenyewe hupimwa kwa kalipa pia, kwenye migongo ya nyuzi zake za nje. Wewe huna haja ya kupima. Muombe fundi apige picha ya kamba kwa karibu, kila miezi mitatu, pahala pale pale. Ukiona unga mwekundu kama wa tofali, hiyo ni kutu inayotoka ndani ya kamba na kamba inakufa. Na usifurahi ukiona zimepakwa grisi mpaka zinang'aa. Kapi linaivuta kamba kwa kuikamata, na kamba iliyojaa grisi inateleza. Fundi anayepaka sana mara nyingi anaficha rangi.

Kijani cha jana

Kuna udanganyifu mwengine, huu wa kisanduku chenyewe. Umeme ukikatika, au laini ikaisha salio, au mtandao ukawa haupandi mle chumbani, baadhi ya programu zinaendelea kukuonesha hali ya mwisho ziliyoipata. Kijani unachokiona saa tatu asubuhi kinaweza kuwa cha juzi usiku. Pale chini kwenye skrini, kwa herufi ndogo, huwa pana saa ya mara ya mwisho kisanduku kupatikana. Macho yako yaanzie hapo kabla ya rangi. Saa ikiwa imepita muda mrefu, hesabu kwamba hujui kitu.

Jaribu hivi. Chagua saa isiyo na watu, hakikisha kebini ni tupu na mlango umefunga, weka mtu kila ghorofa wa kuzuia watumiaji, kisha muombe fundi azime swichi kuu ya lifti. Usiiambie ofisi inayopokea habari za kisanduku. Tizama saa. Simu itapigwa baada ya dakika ngapi? Nimelifanya jaribio hili kwenye majengo mengi. Moja walinipigia baada ya dakika nne. Jengine nangoja mpaka leo.

Siku hiyo hiyo unaweza kujaribu betri. Lifti nyingi za sasa zina betri za kuipeleka kebini ghorofa ya karibu na kufungua mlango umeme unapokatika. Joto la hapa kwetu linaziua mapema kuliko karatasi inavyosema. Kisanduku kinaweza kusoma volti za betri na kukuambia ni nzima, kwa sababu betri iliyochoka ikiwa imepumzika inaonesha volti nzuri tu. Ikitwishwa mzigo ndipo inapozirai. Njia ya kujua ni moja: fundi aukate umeme unaoingia kebini tupu ikiwa njiani, uone kama inafika ghorofani na mlango unafunguka. Mara moja kwa mwezi inatosha.

Kisha ingia ndani ubonyeze kengele ya dharura. Mwaka juzi bibi mmoja alikwama peke yake akiwa na kapu lake la samaki. Akabonyeza, ikamjibu sauti ya kijana kutoka nchi nyengine, kwa Kiingereza cha haraka. Bibi anasema "niko hapa dukani kwa Wahindi, ghorofani," kijana anamuuliza namba ya mkataba. Waliendelea hivyo mpaka mlinzi aliposikia kelele. Anayejibu kengele yako ajue Kiswahili na ajue jengo liko wapi. Kama hajui, weka namba ya mlinzi iwe ya mwanzo.

Na hili wenye hoteli walisikie zaidi. Masika hoteli nyingi zinafungwa, Aprili na Mei. Lifti inazimwa, inakaa wiki sita na unyevu na chumvi. Ripoti ya kisanduku ya miezi hiyo huwa nzuri kuliko zote za mwaka: makosa sifuri. Lifti isiyotembea itakosea wapi? Mwaka 2008 umeme wa Unguja ulikatika karibu mwezi mzima kwa sababu ya waya wa chini ya bahari, na tokea Disemba 2009 mpaka Machi 2010 tukakaa tena gizani. Mara hiyo ya pili kuna hoteli waliiacha lifti isimame muda wote ule ili jenereta lisielemewe. Umeme uliporudi wakabonyeza kitufe siku ile ile. Breki ilikuwa imegandana, mota ikalazimisha, tukasikia harufu kabla hatujaona moshi. Tokea hapo nasema: hata hoteli ikiwa tupu, mlinzi aiendeshe lifti juu na chini mara tano kila siku, na kabla ya kupokea wageni fundi aifungue.

Nusu saa ya kila Jumatatu

Haya unaweza kuyafanya wewe au mtu wako, kwa tochi, rula, mswaki mkuukuu na ufagio.

Anza kwenye vizingiti. Zaidi ya nusu ya simu ninazopigiwa ni mlango, na sababu namba moja Unguja ni mchanga. Mgeni anatoka pwani miguu mitupu, mchanga unaingia kwenye mfereji wa kizingiti ambamo mlango unateleza. Mlango unakuwa mzito, vigurudumu vyake vya juu vinakwenda upande, kontakti haikutani sawasawa, lifti inagoma. Kisanduku kitakuambia "kosa la mlango, ghorofa ya chini". Hakitakuambia mchanga. Nimeona ofisi ya mbali ikibadilisha bodi ya mlango mara mbili kwa tatizo la mswaki wa meno. Piga mswaki mfereji wote, kila ghorofa, kisha pitisha mashine ya kuvuta vumbi kama unayo. Usitie mafuta. Mafuta na mchanga ni msasa. Kwenye hoteli weka bomba la kuoshea miguu na mkeka mgumu kabla ya lifti. Utapunguza simu za fundi kuliko kisanduku chochote.

Halafu panda mpaka juu ukisimama kila ghorofa, weka rula baina ya sakafu ya kebini na sakafu ya ukumbi. Viwango vya Ulaya vinavyofuatwa na watengenezaji wengi vinataka tofauti isizidi milimita 10 lifti inaposimama. Ghorofa moja ikiwa mbaya na nyengine nzuri, mara nyingi ni kihisio cha ghorofa ile. Zote zikiwa mbaya, tena zaidi lifti ikijaa, fikiria breki au kamba. Andika namba, usiandike "nzuri". Namba ya leo haina maana kubwa; ya leo na ya miezi mitatu iliyopita zinaongea.

Mlango ukiwa unafunga, pitisha mti wa ufagio katikati kwa urefu wa goti, kisha wa kifua. Ufunguke bila kuugusa mti. Usijaribu kwa mkono.

Kisha, kebini ikiwa ghorofa nyengine, simama mbele ya kila mlango wa ukumbini, miguu nyuma, na uusukume taratibu kwa vidole upande unaofungukia. Usifunguke. Ukifunguka, zima lifti, weka kizuizi na mtu wa kulinda, mpigie fundi. Hapo hapana mjadala wa wageni wala wa mizigo. Na ukiiona lifti inatembea huku mlango wowote uko wazi hata upana wa vidole viwili, jua kuna mtu amepitisha waya wa mkato kwenye kufuli za mlango ili iende tu. Mafundi tunautumia waya huo kutafuta kosa, dakika chache, tukiwa hapo hapo. Fundi aliyeondoka akauacha ameacha kaburi wazi. Tena paneli nyengine za zamani hazina habari kwamba zimedanganywa: kwao mlango umefungwa, na kisanduku kinatuma kijani.

Mwisho nyamaza. Panda peke yako bila simu, usikilize. Kwenye hoteli moja ya pwani, mama wa usafi alikuwa akimwambia meneja kila siku kwamba lifti "inakohoa" ikifika ghorofa ya tatu. Meneja akafungua programu, akamuonesha mtikisiko uko ndani ya mstari. Nilipokwenda nikapanda naye yule mama. Ikakohoa kweli. Viatu vya plastiki vinavyoishikisha kebini kwenye reli vilikuwa vimelika, na ghorofa ya tatu ndipo reli mbili zinapoungana. Kihisio hakikusema uongo. Kiliwekewa mstari na mtu asiyeijua lifti ile. Mama alipanda ile lifti mara arubaini kwa siku kwa miaka minne. Siku hizi kila jengo nikifika, kabla ya kufungua begi nauliza: nani anafagia hapa?

Masika yakianza, muombe fundi afungue mlango wa chini kwa ufunguo wake, umulike shimo ukiwa umesimama mbali na ukingo. Liwe kavu. Majengo mengi mapya yana mashimo yanayovuja, maji yanakaa wiki, springi zinapata kutu na nyaya zinaoza. Kisanduku mara nyingi kiko juu kabisa, huku chini kunafurika kimyakimya mpaka swichi ya shimoni ilowe.

Mtu akikwama

Kwa ufupi, maana hapa ndipo watu wanapokufa kwa ushujaa. Kebini ina matundu ya hewa, aliyemo hafi kwa kukosa pumzi. Ongea naye, mpe jina lako, mwambie fundi anakuja, usiache kuongea. Usibanduwe mlango. Kebini ikisimama baina ya ghorofa mbili na mtu akajaribu kutoka kwa kuruka, chini ya miguu yake panabaki uwazi wa kisima, na ndimo anamoteleza. Fundi atazima swichi kuu kwanza, ataisogeza kebini kwa mkono mpaka usawa wa sakafu, ndipo afungue. Hakuna ofisi ya mbali inayoweza kuifanya kazi hiyo, kwa hiyo ujue fundi wa karibu zaidi anakaa wapi na usiku anapokea simu gani.

Mkataba, na rafu ya vipuri

Ukisaini, usikubali maneno "matengenezo ya kisasa". Ziandikwe ziara ngapi kwa mwaka fundi anafika mwenyewe, na akifika anakaa si chini ya muda gani. Iandikwe kwamba kisanduku ni nyongeza ya ziara, hakibadilishi ziara hata moja. Iandikwe neno la siri la paneli ni la mwenye jengo. Nimeona watu wamefungiwa lifti yao kwa sababu waliachana na kampuni, na fundi mpya hawezi hata kusoma kosa. Na historia ya makosa iliyokusanywa iwe yako vilevile, uondoke nayo.

Nyumbani weka rafu. Sisi tuko kisiwani. Kipuri kikiwa Dar es Salaam ni siku moja au mbili, kikiwa nje ya nchi ni wiki. Seti moja ya vigurudumu vya mlango, kontakti mbili tatu, fyuzi, betri, kile kifaa kidogo kinacholinda fezi za umeme, na viatu vya reli. Vyote vinaingia kwenye ndoo ya rangi yenye mfuniko. Kwa Pemba zidisha mara mbili, na ndani ya ndoo tia karatasi yenye picha ya lebo ya kila kipuri, ili ukinipigia simu uweze kunisomea.

Kuhusu karafuu, bado naipenda njia ya mzee kuliko kamera. Lakini kifuniko cha paneli sasa kimeshajulikana, na fundi wako naye huenda anasoma hapa. Zengea pahala pengine. Na usimwambie.